Ngoma Mbili, Uwanja Mmoja: Shajara ya Darasa la Tano

27 Januari

Naandika shajara hii tangu siku ya kwanza, ili mwisho wa muhula nisije nikasimulia yaliyofaulu peke yake.

Darasa langu la tano lina watoto 91. Wanakaa wanne kwenye dawati la watatu, na wa mbele kabisa wanakaa kwenye mkeka. Tuko wilayani Magu, kando ya Ziwa Victoria. Wazazi wanalima pamba na mpunga, wengine wanavua dagaa. Nyumbani kwao ni Kisukuma, shuleni ni Kiswahili. Wiki iliyopita nilifundisha KDS, Kigawe Kidogo cha Shirika, siku tano mfululizo, kisha nikatoa jaribio. KDS ya 4 na 6 ni ngapi? Karibu darasa zima likaandika 24. Walizidisha wakamaliza. Nikauliza, "Kwa nini 24?" Kimya. Mtoto mmoja akanong'ona, "Ndivyo inavyofanywa, mwalimu."

Jumapili nilikuwa harusini kijiji cha jirani. Kikundi cha ngoma kilipoingia, aliyetangulia kuimba alikuwa mwanafunzi wangu, yule wa dawati la mwisho ambaye tangu shule ifunguliwe sijamsikia akijibu swali. Aliimba ubeti baada ya ubeti bila karatasi. Alipachika majina ya wageni papo hapo walipokuwa wakiketi. Alijua pa kuisimamisha ngoma ili akina mama wapige vigelegele, na pa kuirudisha kabla vigelegele havijapoa. Nilisimama nikimtazama mpaka chakula kikapoa mkononi. Mtoto huyu ana kumbukumbu, anahesabu mapigo, anapanga maneno, anasoma nyuso za watu. Yote ninayomdai darasani anayo tayari, ila anayaacha getini kila asubuhi, na hakuna aliyewahi kumwambia aingie nayo.

2 Februari

Kwa msomaji asiye wa Kanda ya Ziwa: ngoma ya Kisukuma ina mpinzani siku zote. Kuna pande mbili, Bagika na Bagalu. Wazee husimulia kwamba katika karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walishindana kwa dawa na kwa ngoma, na kila mmoja akaacha wafuasi. Siku ya mashindano pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja, katika uwanja mmoja. Kwa desturi hakuna jaji mwenye kalamu. Watazamaji ndio wanaoamua, tena kwa miguu: ukiwachosha, wanahamia kwa mwenzako. Ndiyo sababu vikundi huleta kila mbinu. Katika bugobogobo wanarusha majembe hewani na kuyadaka bila kupoteza pigo, bagoyangi wanacheza na nyoka hai, na wengine wanaleta sanamu za mbao. Kila Juni, Bujora pale Kisesa, kwenye makumbusho yaliyoanzishwa na Padre David Clement kutoka Kanada, watu wanafurika kwa sikukuu ya Bulabo kuangalia hayo.

Nimewaza hivi: je, nikiligawa darasa pande mbili, kila upande ufundishe mada ileile kwa wakati mmoja, na darasa la nne wawe watazamaji wenye uhuru wa kuhama?

6 Februari

Nimemwendea mzee mmoja aliyekuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma, enzi zake. Sasa macho yamefifia, lakini masikio yako kamili. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza. Alinyamaza muda mrefu.

"Mwalimu, nyimbo atatunga nani?"

"Nitatunga mimi, babu, kulingana na kitabu."

"Basi zitakuwa nyimbo zako. Watakuimbia wewe." Akacheka kidogo. "Manju hapewi wimbo. Anapewa habari. Wimbo anautafuta mwenyewe usiku."

Nikamuuliza kuhusu ule mchezo wa kukaa, wigashe. Vijana hukaa kwenye vigoda kwa safu, wanaimba na kuyumba mabega kwa pamoja, hakuna anayeinuka. Alinionyesha papo hapo, mabega yake ya kizee yakaenda kulia na kushoto kama mtumbwi majini. Nikaona jibu la madawati yangu. Ngoma ya kuchezwa mmekaa! Watoto 91 hawawezi kuruka ndani ya chumba kile, lakini kuyumba mabega wanaweza.

10 Februari

Kabla ya kuanza, pingamizi. Mwalimu mkuu hakukataa, ila alitaka nizungumze na wazazi kwanza, na alikuwa na haki. Baba mmoja, mzee wa kanisa, alisimama kwenye kikao akauliza kama watoto watanyweshwa dawa za ngoma. Swali lile si la kubeza. Mashindano ya Bagika na Bagalu yameambatana na dawa za kuvuta watu tangu asili, na kuna madhehebu yanayomkataza muumini hata kusimama karibu na uwanja.

Tulikubaliana mambo matatu. Hakuna dawa wala hirizi. Hakuna nyoka. Na pande zetu haziitwi Bagika na Bagalu, maana majina hayo ni ya watu na yana uzito wake. Tutaitwa Upande wa Mwembe na Upande wa Ziwa. Yule baba akasema mwanawe aruhusiwe. Nilimshukuru mbele ya wote.

17 Februari

Leo nimefundisha upya KDS, na nataka kuandika kila kitu kabla sijasahau.

Ngoma hatuna. Tulitumia madumu ya lita 20 yaliyopasuka, manne kila upande, na vijiti vya mpera. Nikasema: darasa zima tunahesabu kwa pamoja, polepole, mabega yakiyumba. Upande wa Mwembe wanapiga kila tunapofika kwenye kigawe cha 4. Upande wa Ziwa wanapiga kila tunapofika kwenye kigawe cha 6. Kabla ya kuanza kila mtoto aandike kwenye daftari ni namba gani madumu ya pande zote yatalia pamoja kwa mara ya kwanza.

Nilipita kati ya madawati. 24, 24, 24.

Tukaanza. Moja, mbili, tatu, nne: Mwembe, du! Tano, sita: Ziwa, du! Nane, Mwembe. Tisa, kumi, kumi na moja. Kwenye kumi na mbili madumu yote manane yakalia kwa pamoja, na mlio ule ulipogonga bati la paa darasa zima lilishtuka. Hesabu ikakatika. Wakatazamana. Halafu wakaanza kucheka, na kicheko kile nakijua: ni cha mtu aliyeona kitu ambacho hakukitegemea.

"Tumekosea kupiga!" mmoja akapaza sauti. Tukarudia. Kumi na mbili tena. Safari hii hatukusimama, tukaendelea mpaka 24, yakalia pamoja tena. Binti mmoja wa kwenye mkeka akainua mkono, akasema polepole: "Mwalimu, kwenye 24 wamekutana, ila ni mara ya pili. Swali limesema kidogo."

Kidogo. Neno hilo limo kwenye jina la mada yenyewe, Kigawe *Kidogo*, na nimeliandika ubaoni miaka yote hii.

Tukajaribu 3 na 5. Yakakutana kwenye 15. Tukajaribu 6 na 9, yakakutana kwenye 18. Hapo yule manju wangu wa dawati la mwisho akazungumza darasani kwa mara ya kwanza. Alisema 3 na 5 wanachelewa kukutana kwa sababu hawana undugu. 4 na 6 wana undugu wa 2, ndiyo maana wanakutana mapema. Nikamuuliza, na 6 na 9? "Undugu wao ni 3." Nikamwambia aje ubaoni. Akazidisha 6 kwa 9, akapata 54, akagawa kwa undugu, akapata 18. Hakuna aliyemfundisha. Kitabu kinaita undugu huo Kigawo Kikubwa cha Shirika na kimeuweka kwenye sura nyingine, kana kwamba hayo mawili hayajuani.

Kwenye ukuta wa darasa sasa kuna karatasi: KKS = undugu.

3 Machi

Wiki hii haikwenda vizuri.

Mada ilikuwa sehemu za ua na uchavushaji. Nilikuwa na haraka, ukaguzi wa maazimio ya kazi ulikuwa umekaribia, kwa hiyo nikatunga ngonjera mwenyewe jioni moja: beti kumi, vina safi, stameni na pistili, viungo vya kiume na vya kike vya ua, zote zimo ndani. Watoto wawili wakaikariri kwa siku tatu, wakaighani mbele ya wenzao kwa ishara za mikono. Ilipendeza. Mwalimu mkuu alipita akapiga makofi dirishani.

Kesho yake nikaleta ua halisi la bamia na kisu. Nikamwita mghani wa kwanza anionyeshe pistili. Hakujua. Alikuwa amelitaja neno lile mara sita kwa sauti nzuri kuliko ya redio.

Nimelifikiria sana. Mathias Mnyampala alipoziendeleza ngonjera, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 zikaenea shuleni, ngonjera ilikuwa na watu wawili wanaopingana kweli: huyu hajui au hakubali, yule anamweleza, huyu anabisha tena, mwisho wanaafikiana. Nguvu yote imo kwenye ule ubishi. Sisi walimu tumeigeuza kuwa pambo la kumpokelea mgeni rasmi. Mtoto anayeuliza kwenye ngonjera yangu alikuwa na jibu mfukoni. Hakuwa akiuliza chochote. Na yule mzee alikwishaniambia, nami sikumsikia: manju hapewi wimbo, anapewa habari.

10 Machi

Tumerudia ua. Safari hii nilileta maua ya bamia na ya maboga, nikawapa jozi jozi. Mmoja amepasua ua na kuchunguza, mwingine hajaona. Asiyeona anauliza kwa ubeti, aliyeona anajibu kwa ubeti, palepale, bila kuandika kwanza. Vina vilikuwa vibovu. Mstari mmoja ulisema, "Mbona la kwangu halina kidude cha katikati kama chako?" Lilikuwa swali la kweli, maana boga lina maua ya kiume na ya kike, kila moja peke yake, na bamia ina vyote ndani ya ua moja. Ubishi ulidumu kipindi kizima. Sikuwahi kufundisha tofauti hiyo kwa darasa la tano, haimo kwenye andalio langu la somo. Wameipata wenyewe kwa kubishana.

19 Machi

Mwalimu wa darasa la sita, tunayetenganishwa naye na ukuta wa tofali moja, amelalamika. Makelele. Ana watoto wa kuandaa, na madumu yangu yanampandia kichwani. Nimekubali bila kubisha. Kuanzia sasa madumu ni Alhamisi tu, vipindi viwili vya mwisho, chini ya mwembe. Siku nyingine ni wigashe ya sauti ya chini.

Jambo jingine limenisumbua zaidi. Nimetazama orodha yangu: waliotangulia kuimba tangu Februari ni wavulana, isipokuwa mara moja. Wasichana wanaitikia. Hakuna aliyeagiza hivyo, tumeiga tu uwanja wa nyumbani. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulisoma habari za TUSEME, kazi iliyoanza 1996 kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambapo Penina Mlama na wenzake walitumia sanaa za maonyesho ili wasichana wa sekondari waseme wenyewe yanayowakwaza shuleni. Niliikariri kwa ajili ya mtihani. Leo naiona ikinitazama. Nimeweka zamu: umanju unazunguka kwa namba ya daftari la mahudhurio. Wiki ya kwanza kulikuwa na aibu na vicheko. Yule binti wa kwenye mkeka, zamu yake ilipofika, alikaa kimya karibu dakika nzima huku madumu yakimsubiri. Sikumsaidia. Halafu akaanza.

24 Aprili

Sasa kichocho. Nilikuwa nikiisubiri mada hii tangu Januari, kwa sababu huku kwetu ni ugonjwa wa nyumbani. Watoto wanaogelea ziwani, na kila mwaka kingatiba inakuja shuleni: wanapimwa urefu kwa fimbo yenye alama, wanapewa vidonge vya prazikwanteli kwa kadiri ya kimo, na wanaambiwa wale kwanza ili wasipate kichefuchefu. Wanameza kila mwaka bila kujua vinaua nini, na jioni ileile wako majini.

Niliwapa habari tu, bila wimbo. Mayai hutoka kwa mgonjwa kwenye choo kikubwa au mkojo, hufika majini, yanaangua kidudu kidogo kinachoogelea. Kidudu kikikosa konokono wa majini kinakufa upesi. Kikimpata, kinaingia ndani yake, na baada ya wiki kadhaa wanatoka vidudu wa aina ya pili, maelfu, kutokana na mmoja yule. Hawa wana mkia uliopasuka panda kwenye ncha. Wakikutana na ngozi ya mtu wanapenya na kuuacha mkia nje. Ndani wanasafiri na damu, wanakomaa kwenye ini, kisha dume na jike wanashikana na kukaa kwenye mishipa ya utumbo au ya kibofu, wakitaga.

Pande zote mbili zikapewa wiki moja.

2 Mei

Onyesho la kwanza la kichocho, mbele ya darasa la nne.

Upande wa Ziwa walishinda kwa mbali, na sababu ni konokono. Mvulana mmoja mnene alijifunika ungo mgongoni, akatembea kwa magoti, akitoa ulimi na kuwazungushia macho watazamaji. Darasa la nne wote walihamia kwake, hata waliokuwa wamekaa vizuri upande wa Mwembe. Nilicheka mpaka machozi.

Baada ya onyesho nikawauliza darasa la nne: kichocho kinakupataje? "Konokono anakuuma, mwalimu!" Wengi, kwa sauti moja.

Na leo asubuhi, nilipokuwa zamu, nimekuta nyuma ya vyoo lundo la konokono wa nchi kavu waliopondwa kwa mawe. Konokono wa bustani, wasio na hatia yoyote. Watoto walikuwa wakipigana vita dhidi ya kichocho.

Hili nimeliandika kwa kalamu nyekundu kwenye andalio langu. Anayechekesha ndiye anayefundisha. Maneno ya wimbo yalikuwa sahihi kila neno, niliyakagua mwenyewe, lakini hakuna aliyeyabeba. Walibeba ungo, ulimi na macho. Ukitaka kujua onyesho litafundisha nini, tazama watu watacheka wapi, kisha uliza kama hapo ndipo ilipo elimu.

9 Mei

Tumefumua lote na kushona upya, pande zote mbili pamoja. Niliwauliza swali moja: nani hasa ni adui hapa? Walijadiliana. Konokono, wakasema mwishoni, ni nyumba ya kupanga tu. Mmoja akasema ni mama aliyetekwa.

Kwa hiyo konokono sasa hatembei. Ni duara la watoto wanane walioshikana mikono, wamekaa, wanayumba mabega kwa wigashe ya taratibu kama maji ya asubuhi. Mtoto mmoja tu, kidudu cha kwanza, anaingia ndani ya duara. Duara linafunga. Madumu yanashuka mpaka hayasikiki, na manju anahesabu wiki: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Halafu duara linapasuka, na watoto ishirini waliokuwa wamejificha nyuma yake wanatoka mbio kila upande.

Kila mmoja wa hao ishirini amefungwa kiunoni kipande cha kanga kuukuu, kirefu, kimechanwa katikati toka ncha mpaka nusu. Ndio mkia wenye panda. Wanaizunguka miguu ya mtoto anayeogelea, na kila mmoja akimgusa ngozi, mkono wa pili unafungua fundo na kanga inabaki chini. Fundo liliwatesa: likikazwa halifunguki, likilegezwa linadondoka njiani. Walilifanyia mazoezi siku tatu, mpaka wakapata fundo la mvuvi, lile la kufungia mtumbwi, unalivuta uzi mmoja linaachia. Aliyelileta ni mtoto wa mvuvi ambaye kuandika jina lake kamili bado kunamtoa jasho.

Tulipolijaribu mbele ya darasa la nne, aliyechekwa hakuwa konokono tena. Walicheka pale ishirini walipotoka kwa mmoja, kicheko chenye mshtuko. Na uwanjani zilibaki kanga ishirini chini, kuzunguka miguu ya mwogeleaji. Niliuliza tena: kinakupataje? "Kwenye ngozi!" Kinaingia kwa kunywa maji? Wakasita, wakatazama zile kanga, wakasema hapana, kinaingia ukiwa ndani ya maji.

21 Mei

Mtihani wa muhula. Kwenye KDS na kwenye kichocho nimeona tofauti kubwa, na hata walioshindwa wameandika kitu chenye maana, si nafasi tupu. Kwenye kugawanya sehemu kwa sehemu sijaona tofauti yoyote. Nilijaribu madumu, nilijaribu kugawa miwa, nilijaribu ngonjera, haikushika. Nadhani mada hiyo inataka karatasi, rula na uvumilivu, na sitailazimisha iingie uwanjani.

Tatizo jingine ni la kuandika. Mtoto anaweza kuimba mzunguko wote wa kichocho bila kosa, kisha kwenye karatasi anaandika sentensi mbili. Tangu Aprili tuna daftari la manju: kila onyesho likiisha, kabla ya kwenda nyumbani, kila mtoto anaandika alichoimba au alichokiona, mistari mitano. Yamejaa "rara" kwa "lala" na "kuludi" kwa "kurudi", maana Kisukuma hakitofautishi sauti hizo mbili kama Kiswahili. Nasahihisha kwenye daftari, taratibu. Uwanjani sisahihishi kamwe. Nilifanya hivyo mara moja mwezi Machi, na msichana niliyemkatiza hakuimba tena mpaka baada ya Pasaka.

30 Mei

Siku ya wazazi, kabla ya kufunga shule. Walikuja wengi kuliko kikao chochote, na wavuvi wamo, kitu ambacho si cha kawaida, maana mchana ndipo wanapolala. Mzee wangu aliletwa na mjukuu wake kwa baiskeli. Kwa sababu haoni vizuri, aliomba kigoda kiwekwe katikati kabisa, kati ya pande mbili, akakaa akiinamisha kichwa. Nilidhani amechoka. Baadaye akaniambia alikuwa anasikiliza miguu ya watu, wanakwenda wapi.

KDS iliwafurahisha akina baba kuliko nilivyotarajia. Walibashiri kwa sauti, wakakosea, wakabishana wao kwa wao kuhusu 6 na 8. Kichocho kilipoanza uwanja ukatulia. Ishirini walipotoka kwenye duara, mama mmoja alimvuta mwanawe mdogo akampakata.

Wimbo wa mwisho ulikuwa wa kuonya: usiogelee ziwani, usisimame majini jua likiwa kali, maana mchana ndipo vidudu hao wanapotoka kwa wingi kwenye konokono. Watoto waliutunga wenyewe na waliuimba vizuri. Makofi yakapigwa.

Kisha mvuvi mmoja, bado ana magamba ya samaki kwenye suruali, akasimama bila kuitwa. "Mwalimu, samahani. Watoto wameimba vizuri, nimeelewa. Ila mtumbwi nausukuma kwa miguu yangu. Wavu nauvuta nimesimama majini. Mke wangu anachota maji hapohapo. Wimbo unasema tusiingie. Sasa tusimame wapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa haraka, na nilishukuru kwamba sikulitafuta, kwa sababu yule binti wa kwenye mkeka alikuwa tayari ameshika kanga moja mkononi. Alitembea hadi mwanzo wa onyesho, pale alipokaa mtoto anayeigiza mgonjwa, yule ambaye watazamaji wote wamekwishamsahau. Hana wimbo, hana kichekesho. Kazi yake ni kuchutama tu kando ya maji na kuondoka. Binti akamwonyesha kwa kidole.

"Baba, wewe huwezi kutoka ziwani. Lakini mayai yanaanzia hapa. Hapa pakiwa na choo, konokono hapati mgeni."

Mwaloni kwetu, pale mitumbwi inapoegeshwa, hakuna choo. Kila mtu pale uwanjani alijua, na kila mtu alijua watu wanakwenda wapi alfajiri mitumbwi inaporudi. Kukawa na minong'ono, si ya kupendeza yote. Mwenyekiti wa kitongoji akatazama saa yake.

2 Juni

Shule imefungwa, lakini kumi na wanne wamekuja chini ya mwembe bila kuitwa. Wanatunga upya mwanzo wa onyesho. Mgonjwa sasa ana wimbo wake na madumu mawili, na wamempa ungo wa konokono avae kama kofia ya mvuvi, ili watu wacheke hapo. Wamegawana pia kazi ya kwenda kuhesabu mitumbwi inayoingia mwaloni kila asubuhi na watu wanaoshuka kwenye kila mmoja, wajue matundu mangapi ya choo yanahitajika. Mvuvi aliyeuliza lile swali amesema atawaruhusu wasimame kwenye gati lake, ila wafike kabla ya saa kumi na mbili, na wavae viatu.